SAHANI YANGU SI MARINGO



Kila Jumatano saa saba mchana shule hii huonja raha ya peponi. Viatu hulia koridoni, kidato cha kwanza husukumwa nyuma kama kawaida, na harufu ya chapati hufika madarasani kabla ya kengele yenyewe. Mimi siku hiyo hutembea pole pole. Sina haraka. Sahani yangu huwa na madondo na kipande cha ugali alichonisongea mpishi mkuu, na nikishakaa mezani hakosekani mtu wa kuuliza: "Ati wewe hutaki chapati? Kwani kwenu mnakula nini, keki?"

Nimeulizwa swali hilo tangu nilipoingia kidato cha kwanza. Sasa niko kidato cha nne, mtihani wa kitaifa u mlangoni, na hii ndiyo mara yangu ya mwisho kuandika katika gazeti la chama chetu cha Kiswahili. Kwa hivyo nimeonelea nijibu mara moja kwa wote, ili atakayeuliza tena aambiwe, "Nenda ukasome." Fauka ya hayo, nina neno kwa wanaotupikia, wanaotugawia na wanaosimamia chakula chetu. Maoni yangu ni haya: mwanafunzi aliyekatazwa ngano na daktari hadai kupikiwa karamu yake peke yake. Anadai mambo matatu tu, ambayo bei yake haifiki ya gunia moja la unga. Aaminiwe, aambiwe kilichomo chunguni, na atengewe mwiko na sufuria safi.

Ugonjwa wangu unaitwa seliaki. Usihamishe kiti chako, hauambukizi. Ndani ya ngano mna protini iitwayo glutini. Ndiyo inayoufanya unga uliokandwa uvutike kama mpira, na ndiyo maana chapati husukumwa ikawa nyembamba bila kupasuka. Protini za jinsi hiyo zimo pia katika shayiri na katika nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Kwa watu wengi glutini haina neno. Kwa mtu kama mimi, kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na viini vya maradhi, humwona mgeni huyu kuwa adui. Vita vikianza, anayeumia ni mwenye nyumba.

Ukuta wa utumbo mwembamba umejaa vijidole vidogo sana, mfano wa manyoya ya taulo mpya. Hivyo ndivyo vinavyonyonya chakula na kukiingiza katika damu. Kwa mgonjwa wa seliaki aendeleaye kula ngano, vijidole hivyo hulala na kukwisha, taulo ikawa kama kitambaa cha meza. Basi chakula hupita tu, kama matatu iliyojaa isiyosimama kituoni. Mtu hula akashiba, lakini mwili hauoni kitu. Damu hupungua kwa kukosa madini ya chuma, mifupa hudhoofika, mtoto hadumu katika kukua. Wengine huhara, wengine hufunga choo, wengine hutokwa na vipele vya kuwasha, na wako ambao tumbo haliwaumi hata kidogo ila ni uchovu usiokwisha. Nadra, lakini hutokea, utumbo ukafanya saratani.

Dawa yake? Hakuna kidonge. Hakuna sindano. Dawa ni kuacha glutini kabisa, maisha yote. Ukiiacha, vijidole huota tena, kwa miezi mingi na pengine kwa miaka. Ukiirudia, vinakwisha tena.

Wacha niwaeleze nilivyofika hapa. Nilipokuwa darasa la tano nilianza kuumwa na tumbo. Lilivimba kama ngoma, mikono ikawa vijiti. Wenzangu wa rika langu walirefuka, mimi nikabaki mstari wa mbele gwarideni mwaka baada ya mwaka. Nilipewa dawa ya minyoo mara tano. Nikatibiwa amiba, nikatibiwa homa ya matumbo, nikaambiwa ni vidonda vya tumbo. Majirani nao hawakukosa lao. Wako waliomwambia mama kuna mkono wa mtu, na wako walionong'ona kwamba huenda ni "ugonjwa ule." Mama aliyasikia yote hayo akanyamaza. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu ambalo hatukulitia maanani. Kila likizo ya Desemba nilipelekwa Kitui kwa nyanya, na kila Januari nilirudi nina mashavu. Nyanya alisema, "Mjukuu wangu, ni maji ya huko mjini yanayokuua." Mama alisema ni hewa ya mashambani. Hakuna aliyetazama sahani. Kwa nyanya tulikula muthokoi, ndengu, kunde, na uji wa mawele. Mkate haukuonekana ila mgeni akija nao. Mjini nyumbani kwetu asubuhi ilikuwa mkate, saa nne mandazi, na Jumapili chapati, kwa sababu ati hivyo ndivyo wanavyokula watu waliojaliwa. Mama alininunulia slesi kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayo hayo nikazidi kukonda.

Mwishowe daktari mmoja wa hospitali kubwa ya Nairobi aliniuliza swali ambalo sikuwahi kuulizwa: "Unakula nini asubuhi?" Alinitoa damu wakatafuta kingamwili za ugonjwa huu. Kisha wakanipitishia mpira wenye kamera kinywani hadi utumboni, wakachukua vipande vidogo vya kupima. Jibu lilipotoka mama aliuliza, "Na dawa, daktari?" Yule daktari akamwambia, "Mama, dawa iko jikoni kwako." Mama alilia. Nilidhani analia kwa huzuni. Baadaye aliniambia alilia kwa sababu hatimaye lile jambo lilikuwa na jina.

Nikawa msomaji wa habari za maradhi yangu, na humo nikakuta kwamba hata mabingwa walihangaika kama nyanya. Daktari Mgiriki aitwaye Aretaeus alieleza maradhi ya jinsi hii karibu miaka elfu mbili iliyopita. Mwaka 1888 Mwingereza Samuel Gee aliandika juu ya watoto waliokuwa nayo, akasema kwamba kama kuna kupona basi kutakuwa kwa njia ya chakula. Alisema kweli, lakini mkate hakuushuku. Aliwaruhusu wagonjwa mkate mwembamba uliochomwa pande zote mbili! Aliandika pia habari ya mtoto aliyenenepa alipolishwa kome wa Uholanzi kila siku. Msimu wa kome ulipokwisha, mtoto akarudi alikotoka. Kisha mwaka 1924 daktari Sidney Haas wa New York akatangaza tiba ya ndizi. Watoto wakapona kweli, na dunia ikazisifu ndizi. Kumbe aliyewaponya si ndizi. Ni mkate uliokosekana.

Aliyekitegua kitendawili ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Yeye alikwisha kuanza kuushuku mkate katika miaka ya 1930. Halafu vikaja Vita Vikuu vya Pili. Majira ya baridi ya mwaka 1944 hadi 1945 Waholanzi walikumbwa na njaa kali, hata wakala vitunguu vya maua ya tulipu. Wakati mkate umeadimika, watoto wa Dicke wenye seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, na maradhi yakarudi. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Utrecht. Niliposoma habari hiyo nilicheka peke yangu maktabani hadi mkutubi akanitolea macho. Watoto wale walikuwa mimi, na vita vyangu vilikuwa likizo ya Kitui.

Sasa turudi hapa shuleni.

Muhula wangu wa kwanza sikumwambia mtu. Nilikuwa na barua ya daktari ndani ya sanduku, chini kabisa, chini ya soksi. Nani atakaye kuwa kituko wiki ya kwanza? Wenzangu walipokula chapati nami nikala. Moja tu, nikajiambia. Usiku ule sikulala bwenini, nililala msalani. Asubuhi kulikuwa na mtihani wa hisabati, nikaandika jina na nambari, basi. Mwalimu aliandika kwa wino mwekundu: "Mzembe." Sikuwa na la kumjibu, maana ile barua ilikuwa bado chini ya soksi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na hisabati.

Nilipoacha chapati na mkate, bado niliumwa. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Nilikuwa nikila madondo, sukuma wiki na ugali tu! Siku moja nikajipa moyo, nikaenda nyuma ya jiko nikamwamkia mpishi mkuu, mzee ambaye sote tunamwita Mzee bila kuongeza jina. Nikamweleza. Alinisikiliza huku akikoroga, kisha akasema, "Kijana, mbona hukuja mapema? Mchuzi wa madondo mimi huukoleza kwa vikombe viwili vya unga wa ngano, ushike. Na ule mwiko wa ugali ndio tunaogeuzia uji wa walimu, nao una ngano." Nilibaki mdomo wazi. Mzee akaendelea, "Mimi ninayepika ninajua nilichotia. Wewe unayekula hujui. Sasa ni nani wa kuuliza?"

Tangu siku ile hupakua madondo yangu kabla ya kutia unga, akaniwekea kando katika kisufuria chenye kitambaa chekundu mkononi. Alikinunua yeye mwenyewe. Hakuna kamati iliyokaa, hakuna barua iliyoandikwa. Nimemaliza mwaka wa tatu sijaingia chumba cha wagonjwa kwa sababu ya tumbo, na hisabati yangu muulizeni mwalimu.

Najua yako mawazo ya kupinga. Mgala muue na haki yake mpe, kwa hivyo nitayataja.

La kwanza ni kwamba shule ina mamia ya wanafunzi, na jiko haliwezi kumpikia kila mtu kwa matakwa yake. Ni kweli kabisa. Lakini hebu tazameni orodha ya chakula iliyobandikwa bwaloni. Ugali hauna glutini. Githeri haina. Wali hauna. Sukuma wiki, kabichi, ndengu, mayai, nyama, viazi, ndizi, maziwa, vyote havina. Kisichofaa ni mkate wa asubuhi, mandazi ya saa nne na chapati ya Jumatano. Yaani chakula chetu karibu chote ni salama tayari, mpaka tukiharibu wenyewe kwa kikombe cha unga na mwiko usiooshwa. Hatuombi orodha ya pili. Tunaomba ile ya kwanza isichafuliwe.

La pili ni hili: "Kidogo hakidhuru." Kauli hii nimeisikia kwa wanafunzi, kwa wageni, na hata kwa shangazi yangu. Wataalamu walijaribu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba miligramu 50 za glutini kwa siku, kwa muda wa miezi mitatu, zatosha kuudhuru utumbo wa mgonjwa. Slesi moja ya mkate ina kama gramu 2. Piga hesabu mwenyewe: hiyo ni sehemu moja tu ya arobaini ya slesi! Ndiyo maana kwa viwango vya kimataifa chakula hakiitwi kisicho na glutini mpaka kiwe na miligramu zisizozidi 20 katika kilo nzima. Kwa hivyo ninapokataa kijiko kilichotoka kwenye mchuzi wako, usinuie kwamba ninakudharau. Ninaogopa makombo.

La tatu ni kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Hapana. Katika nchi nyingi zilizochunguzwa, mtu 1 hivi kati ya 100 anao ugonjwa huu, na wengi wao hawajijui. Walioonekana kuwa nao kwa wingi zaidi ni watu wa bara hili hili, Wasaharawi wa Sahara Magharibi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya watoto 5 kati ya kila 100 wao wanao. Isitoshe, ni ugonjwa unaotembea katika ukoo: aliye na mzazi, ndugu au mtoto mgonjwa ana nafasi ya takriban 1 kati ya 10 ya kuwa nao. Mimi sina nyanya wa Kizungu.

Jambo jingine ni la Jumapili, nalo ni zito kwangu kuliko chapati. Hostia hutengenezwa kwa ngano. Mwaka 2017 Vatikani ilikumbusha kwamba hostia zisizo na glutini kabisa hazifai kwa Ekaristi, ila zenye glutini kidogo sana zaruhusiwa, na asiyeweza hata hizo aweza kupokea divai peke yake. Kwa muda mrefu nilibaki kitini wenzangu wakienda mbele, na watu wakanifikiria dhambi ambazo sikuwa nazo. Nilipomwendea padre, alinisikiliza kwa dakika mbili tu, na Jumapili iliyofuata nikapata kikombe changu, kisichotumbukizwa kipande cha hostia. Tazameni jinsi mambo yanavyokuwa mepesi mtu akisema na mwingine akiamini.

Lakini nisije nikaeleweka vibaya. Siku hizi wako wanaoacha ngano kwa mtindo tu, ati wapunguze uzito, na wako watakaosoma makala hii wajitibu wenyewe. Tafadhali, msifanye hivyo! Kipimo cha damu huhitaji mtu awe bado anakula ngano. Ukiiacha kwanza, zile kingamwili hupungua, kipimo kikasema u mzima na kumbe sivyo. Tumbo likikusumbua mara kwa mara, au ukiambiwa damu haitoshi na vidonge havisaidii, nenda kwa matroni, kisha kwa daktari, umtajie ugonjwa huu kwa jina lake. Na usiuache mkate hadi upimwe.

Kwa mwenzangu ambaye pengine ana barua chini ya soksi, nina machache ya njiani. Soma maandishi ya pakiti: kimea hutokana na shayiri, kwa hivyo vinywaji vingi vya kimea tunavyoletewa siku ya wazazi si vyetu. Sosi ya soya huwa na ngano, na soseji na viungo vya mchuzi vya pakiti mara nyingi huwa nayo. Uji wa unga mchanganyiko uulizie umesagwa na nini. Mikate ya pekee inayouzwa katika maduka makubwa ya Nairobi ni ghali, usiililie. Ngano yenyewe ililetwa bara hapa kwa wingi na masetla mwanzoni mwa karne ya 20, na Lord Delamere alihangaika nayo Njoro ikiliwa na kutu. Kabla yake babu zetu walikuwa na mtama, wimbi, mawele, nduma na mihogo, wakaishi. Ndugu zetu wa pwani nao wana vitumbua na mkate wa sinia vya mchele mtupu, na mkate wa mofa wa mtama. Mahamri niachieni, nitayaonea uchungu kwa mbali.

Basi ombi langu kwa uongozi wa shule ni fupi. Kila muhula, mwanafunzi anapopokewa, aulizwe kama kuna chakula alichokatazwa na daktari, na jina lake lipelekwe jikoni. Mchuzi ukitiwa unga, utiwe baada ya wenye majina hayo kupakuliwa, na ibandikwe bwaloni kwamba umetiwa. Na kile kisufuria chenye kitambaa chekundu kiandikwe katika vitu vya shule, kisiwe hisani ya mzee mmoja. Kwa sababu Mzee anastaafu mwaka ujao, nami ninaondoka. Atakayekuja Januari na barua yake atamkuta nani?

Nanyi wanafunzi wenzangu, Jumatano ijayo mkiniona ninatembea pole pole kwenda bwaloni, chukueni chapati yangu. Nimewaachia kwa roho safi. Ila msiniulize tena kama kwetu tunakula keki. Keki nayo ni ngano.